Mtoto wa Geti Kali Aingiapo Chuoni

(Haya ni maneno ya somo lililosomwa katika redio kwa ajili ya madarasa ya kisomo cha watu wazima. Mwalimu wa darasa asome tena polepole, kisha wanafunzi wazungumze juu ya maswali yaliyo mwishoni.)

Naomba kila mtu aweke kalamu chini. Leo tusikilize kwanza. Kuandika kutakuja baadaye.

Juma lililopita tulijifunza kusoma barua ya mtoto kuitwa chuoni. Tuliona humo ada, tarehe ya kufika, na orodha ya vitu vya kuchukua: shuka, ndoo, picha ndogo za uso. Lakini liko jambo moja ambalo barua ile haisemi. Haisemi namna mtoto atakavyokaa na watu. Hilo ndilo somo letu la leo. Wengi wenu mna mtoto au mjukuu atakayeondoka mwaka huu au mwaka ujao. Tena wako miongoni mwenu vijana ambao, baada ya kisomo, watakwenda vyuoni wenyewe.

Vijana wa siku hizi wana neno lao, "mtoto wa geti kali". Maana yake ni mtoto aliyelelewa nyuma ya mlango uliofungwa. Asubuhi huenda shule, jioni hurudi, siku ya mapumziko huenda madrasa au kanisani, kisha mlango hufungwa. Hatumwi dukani jioni. Uwanjani hachezi. Mgeni akija, huamkia "Shikamoo", hupokea mzigo, halafu hurudi ndani. Huenda nyumba yenyewe haina geti hata kidogo, ina pazia la khanga na uzio wa mabati. Geti ni neno la baba.

Wazazi hatuwalaumu. Mji wetu ni mkubwa, na mzazi wa Manzese au Mbagala aona kila siku yawezayo kumpata mtoto njiani. Tena desturi ya kumweka mtoto ndani ni ya zamani. Wazaramo, ambao ni wenyeji wa mji huu na nchi iliyouzunguka, walimweka mwali ndani tangu alipovunja ungo, pengine kwa miezi mingi, pengine hata kwa miaka. Lakini angalieni jambo hili. Mwali alikuwa na somo wake, yaani kungwi, wa kumwongoza. Na siku ya kutolewa nje alitolewa kwa ngoma, watu wote wakajua kwamba leo huyu anaingia katika watu. Mtoto wetu wa leo atokapo ndani kwenda chuoni hutolewa kwa begi na nauli. Hana somo. Kwa hiyo nataka sisi, katika nusu saa hii, tuwe somo wake.

Nitawaelezeni yaliyonipata mimi mwenyewe. Chuo chenyewe sitakitaja, kwa sababu yangeweza kunipata katika chuo chochote.

Mimi nimezaliwa Temeke, upande wa Mtoni. Baba yangu ni Mzaramo wa Kisarawe, na kazi yake ilikuwa useremala, Keko. Tulikuwa wasichana watatu, na baba alituchunga kama mboni ya jicho. Nilimaliza kidato cha sita sijapanda daladala peke yangu ila ile ya shule tu. Nilipopata nafasi chuoni, mbali na nyumbani, mama alinipa doti mbili za khanga na chupa ya achari. Baba alinipa neno moja: "Kaa na adabu zako."

Chumbani tulikuwa wanne. Wenzangu walizungumza mpaka usiku: habari za mpira, za siasa, za bei ya mazao kwao, za wavulana. Mimi nililala nimegeukia ukuta. Si kwamba mazungumzo hayakunipendeza. Sikujua mahali pa kuingilia. Nyumbani kwetu msichana husema anapoulizwa, basi nami nikangoja kuulizwa. Wenzangu waliponiona kimya, wakadhani najivuna. Huo ndio ugonjwa wenyewe, ndugu zangu. Mimi nilidhani naonyesha adabu; wao walidhani nina maringo. Hakuna aliyekosa, wala hakuna aliyemwambia mwenzake.

Chakula nilikuwa nikinunua na kukila chumbani, mlango nimeurudisha. Darasani nilikaa nyuma. Nisipoelewa jambo, nililiandika pembeni mwa daftari, nami sikumwuliza mtu. Siku zikapita hivyo.

Siku moja msichana mmoja wa chumba chetu, Msukuma wa Shinyanga, alinitazama nimekaa kitandani, akasema kwa sauti kubwa: "Wewe mtumwa wangu, umekaa tu? Nenda kanichotee maji!" Wote wakacheka. Nikatoka, nikaenda kulia msalani. Usiku ule nikampigia mama simu, nikamwambia nataka kurudi nyumbani. Vitu vyangu nilikuwa nimekwisha kuvifunga.

Mama yangu hakuwa amesoma. Wakati ule ndio kwanza alikuwa ameanza kisomo, jioni, papo hapo Temeke. Aliniuliza, "Huyo aliyekutukana ni kabila gani?" Nikamjibu, "Msukuma, mama." Mama akacheka mpaka nikamkasirikia. Akasema, "Mwanangu, huyo hakukutukana. Huyo ni mtani wako. Amekupigia hodi, nawe umemfungia mlango."

Wengi wenu mwajua utani, lakini kwa ajili ya vijana nitaueleza. Katika karne ya 19 Wanyamwezi na Wasukuma waliteremka pwani na misafara ya biashara, wakipita katika nchi ya Wazaramo. Watu wale walikutana, wakafanya biashara, pengine wakagombana, na mwishowe wakawa watani. Mtani ana ruhusa ya kukuita mtumwa wake, kukunyang'anya kitu chako, na kukuchekesha hata katika msiba. Nawe una ruhusa hiyo hiyo juu yake. Lakini mtani huyo huyo ndiye achimbaye kaburi na kupika chakula siku ya taabu yako. Ni dawa ambayo wazee wetu waliitumia ili watu wasiojuana waweze kukaa pamoja. Mimi niliujua utani wa misibani, ambao wakubwa walifanyiana. Sikujua kwamba hata mimi nina watani.

Mama alipokwisha kucheka, alinyamaza kidogo. Kisha akanieleza habari ambayo hakupata kunieleza kabla ya siku ile. Alisema: "Siku yangu ya kwanza ya kisomo nililizunguka darasa mara tatu. Kila nilipofika mlangoni nilimwona mtu anayenijua, nikajifanya natafuta vitunguu. Mara ya nne nikaingia. Karibu na mlango palikaa mwanamke nisiyemjua. Nikamwambia, 'Habari za jioni, mwenzangu. Mimi sijui hata kushika kalamu.' Akanijibu, 'Nami pia sijui.' Tangu siku ile twakaa pamoja. Sasa wewe, mwanangu, una kalamu mkononi. Waogopa nini?"

Ndugu wanafunzi, sikufungasha tena. Asubuhi niliificha ndoo ya mtani wangu chini ya kitanda changu. Alipoitafuta nikamwambia, "Tangu lini mtumwa akawa na ndoo?" Alipiga kelele chumba kizima kikaamka: "Kumbe Mzaramo ana mdomo!" Siku ile nilikula pamoja nao. Na siku ile ndipo nilipojua kwamba wa pili katika chumba chetu alikuwa hajui aulize wapi habari za maktaba, na wa tatu alikuwa akilia usiku kama mimi. Kila mtu alikuwa na geti lake.

Sasa tuchukue mafunzo katika habari hii. Yako manne.

La kwanza: anza wewe. Nyumbani watu wote wakujua, kwa hiyo waweza kungoja kuulizwa. Chuoni hapana akujuaye. Zamani mambo yalikuwa mengine. Chuo kikuu cha kwanza cha nchi hii kilipofunguliwa mwezi wa Oktoba, 1961, kilikuwa katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, na wanafunzi wake walikuwa wachache tu, wote wa sheria. Hata mtu mkimya alijulikana. Leo chuo hicho kiko juu ya kilima, Mlimani, nacho kina maelfu ya wanafunzi. Mabweni yameongezwa, na bado nafasi hazitoshi, hata wengine hupanga vyumba mitaani. Katika umati kama huo mtu mkimya haonekani. Basi salimu kwanza. Taja jina lako na utokako. Uliza swali moja dogo: "Maji ya moto yapatikana wapi hapa?" Swali dogo hufungua mlango mkubwa, kwa kuwa kila mtu hupenda kuulizwa jambo analolijua.

La pili: kula na watu na fanya kazi na watu. Urafiki hauji kwa kutafutwa. Huja watu wanapofanya jambo moja pamoja. Mmoja aosha sahani, mwingine akatakata nyanya, na maneno hutoka yenyewe. Ingia katika kikundi cha kusoma, cha michezo, cha kwaya, cha dini yako, au cha watu wa mkoa wenu. Kimoja au viwili vyatosha. Wala usione haya kuuliza darasani. Aulizaye hukosa adabu? La, aulizaye hupata njia.

La tatu: jifunze maneno ya mahali. Kila mahali pana maneno yake, na mgeni asiyeyajua hujiona mjinga. Wanafunzi wa vyuo vyetu husema "bumu", yaani fedha za chakula na malazi wanazopewa kutoka Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Husema "desa", yaani maandishi ya masomo yanayopitishwa kutoka kwa mmoja hadi mwingine. "Sapu" ni mtihani wa kurudia. Na "kudisko" ni kuondolewa masomoni kwa kushindwa mitihani, jambo ambalo hatumwombei mtu. Mtoto akisema, "Mama, bumu limechelewa," sasa mwajua kwamba ana njaa.

La nne ndilo gumu kuliko yote: jifunze kukataa. Mtoto wa ndani amefundishwa kutii. Mkubwa akisema, yeye huitika. Tabia hiyo ni njema mahali ambapo wakubwa wote wampenda. Lakini chuoni atakutana na watu wa kila namna. Siku ya bumu marafiki huwa wengi, na wengine hukopa wasilipe. Wako watakaosema kwamba asiyekunywa pombe ni mshamba. Hapa mtu mpya huweza kukosea kwa njia mbili. Mmoja hufanya kila aambiwalo ili apendwe. Mwingine huwakimbia watu wote ili awe salama. Njia iliyo njema ni ya katikati: kaa nao, cheka nao, na neno lako liwe fupi. "Mimi sinywi, nipe soda." Hapana haja ya kueleza wala ya kugombana. Baada ya mara mbili au tatu watazoea, nawe utaheshimiwa.

Liko jambo jingine ambalo wazazi huona haya kulitaja, nami nitalitaja. Yaweza kutokea kwamba mtu mwenye madaraka, hata mwalimu, akamtaka msichana kimwili ili ampe alama za mtihani au haki nyingine. Msichana aliyefundishwa kwamba mkubwa hapingwi atajiona hana njia. Basi mwambieni mapema kwamba hilo ni kosa la jinai. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007, kifungu cha 25, yakataza rushwa ya ngono. Habari hizo hupelekwa TAKUKURU, na simu yao ya bure ni 113. Mwambieni vile vile kwamba akipatwa na jambo kama hilo, akisema nyumbani hatapigwa. Neno hilo la mwisho lina nguvu kuliko sheria, maana wengi hunyamaza kwa kumwogopa baba kuliko kumwogopa mwovu.

Labda mmoja wenu atauliza: "Je, aliyelelewa ndani aweza kweli kuwa mtu wa watu?" Nitawakumbusheni mwanamke mmoja wa mji huu huu. Bibi Titi Mohamed alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1926. Alisoma shule kidogo, akawekwa ndani alipovunja ungo, na akaozwa angali binti mdogo. Sauti yake aliipata katika ngoma. Alikuwa mwimbaji katika kikundi cha wanawake kilichoitwa Bomba. Mwaka 1955 akawa kiongozi wa wanawake wa TANU, akawaendea wanawake wenzake kwa njia ya vikundi vya ngoma, na wakajiunga kwa maelfu. Mwanamke aliyewekwa ndani alikuja kusimama mbele ya umati wa watu akidai Uhuru. Leo barabara kubwa katikati ya mji ina jina lake. Oneni, hakuanza na umati. Alianza na kikundi kimoja cha watu walioimba pamoja.

Sasa nasema na wazazi. Msingoje siku ya safari. Mtoto mwenye mwaka mmoja wa kungoja afanye mazoezi ya watu kama afanyavyo mazoezi ya hesabu. Mtume peke yake soko la Tandika au la Temeke, apatane bei, arudi na chenji. Apande gari mwenyewe kwenda Kariakoo, na akipotea aulize njia. Mgeni akija, baada ya "Shikamoo" mwambieni, "Kaa hapa, zungumza na mjomba wako." Akisema jambo msilolikubali, msimnyamazishe, mwacheni amalize, kisha mjibuni. Mtoto ambaye hajapata kusema "hapana" mbele ya baba yake ampendaye, atalisema wapi?

Na wavulana msiwasahau. Twamfungia msichana mlango, lakini mvulana twamfungia jiko. Wako vijana wanaofika chuoni hawajui kufua shati wala kusonga ugali, nao huona haya kama nilivyoona mimi. Mfundisheni kabla hajaondoka.

Wala msifikiri kwamba kila mtoto lazima awe msemaji. Wako watu wakimya kwa asili, nao ni watu wema. Rafiki wawili wa kweli wawatosha. Hatutaki kumgeuza mtoto. Twataka tu asilale njaa chumbani kwa kuogopa kufungua mlango.

Ndugu zangu, naja mwisho. Wengi wenu hudhani kwamba, kwa kuwa hamkusoma, hamna la kumfundisha mtoto anayekwenda chuoni. Mama yangu naye alidhani hivyo. Lakini yeye alijua jambo moja ambalo mimi, pamoja na vyeti vyangu, sikulijua: jinsi ya kuingia mahali pa wageni, mtu akiwa na haya, na kusema kwa kinywa chake, "Mimi sijui, nisaidie." Ninyi nyote mlioketi hapo mmelifanya jambo hilo. Kila mmoja ana mlango wake alioukaribia na kurudi, kisha akaingia. Msiifiche habari hiyo. Mwelezeni mtoto kabla ya kufunga begi lake, naye atakwenda nayo.

Mama sasa husoma gazeti. Mwenzake wa karibu na mlango bado ni rafiki yake. Na mtani wangu wa Shinyanga hunipigia simu kila sikukuu, akidai ndoo yake.

Kwaherini mpaka juma lijalo.

Maneno ya somo

Haya: hali ya kuona aibu mbele ya watu.
Maringo: majivuno.
Mtani: mtu ambaye mwaweza kufanyiana mzaha kwa desturi.
Mwali: msichana aliyevunja ungo na kuwekwa ndani kufundishwa.
Kungwi: mwalimu wa mwali.

Maswali ya kuzungumza darasani

1. Kwa nini wenzake wa chumbani walimdhania msichana yule kuwa ana maringo?
2. Kabila lako lina watani gani? Eleza mzaha mmoja mnaofanyiana.
3. Siku yako ya kwanza katika darasa hili ilikuwaje? Nani alikusemesha kwanza?
4. Je, mtoto wako aweza kukuambia "hapana"? Wewe humjibu namna gani?
5. Andika barua ya mistari mitano kwa mtoto anayekwenda chuoni. Mweleze jambo moja ulilolijua kwa kujaribu.